Kumzuia mkimbiaji katika besiboli: yanayoaminiwa na yanayosemwa na kanuni

Wapo wanaochanganya kumzuia mkimbiaji na kuingilia mchezo, na hilo halihitaji maelezo marefu: kumzuia ni kosa la timu inayolinda, yaani ile isiyopiga kwa wakati huo, ilhali kuingilia kwa kawaida ni kosa la timu inayopiga.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba kosa hili haliwezi kutendeka pasipo kusudi. Kanuni haitaji kusudi. Mwamuzi hutazama iwapo mlinzi ana mpira mkononi, iwapo yumo katika tendo la kuudaka au kuuokota, na iwapo amemkwamisha mkimbiaji. Mlinzi asipokuwa na mpira wala hauchezi, naye mkimbiaji akakwama, kosa limetendeka. Mchezo wa 3 wa World Series (fainali ya ligi kuu ya Marekani) ya mwaka 2013, uliochezwa St. Louis, uliamuliwa hivyo. Timu zikiwa sawa 4-4 katika nusu ya mwisho ya duru ya tisa, Will Middlebrooks wa Boston Red Sox aliurukia mpira uliotupwa kituo cha tatu, akaukosa, akabaki amelala kifudifudi. Allen Craig wa Cardinals, timu ya St. Louis, aliyekwisha kufika kituoni hapo, aliinuka kukimbilia nyumbani, yaani kituo cha mwisho ambako pointi hupatikana, akajikwaa juu yake. Mwamuzi Jim Joyce akaonyesha kosa papo hapo, na ingawa Craig aliguswa kwa mpira kabla ya kufika, jambo ambalo kwa kawaida humtoa mkimbiaji, pointi ilihesabiwa na Cardinals wakashinda 5-4. Wengi walilalamika kwamba Middlebrooks hakuwa na pa kwenda, na kwa kweli hakuwa napo. Hata hivyo, ufafanuzi ulioambatana na kanuni unatoa mfano unaofanana mno na tukio hilo: mlinzi aliyejirusha, mpira ukampita, naye akaendelea kulala chini na kumchelewesha mkimbiaji.

Mdakaji, yaani mlinzi anayekaa nyuma ya kituo cha nyumbani, naye hudhaniwa ana haki ya kuziba njia ya nyumbani wakati wowote. Tangu mwaka 2014, kanuni ya ligi kuu ya Marekani inamkataza kuiziba akiwa hana mpira, isipokuwa pale anapolazimika kuufuata mpira uliotupwa.

Dhana inayowagharimu wachezaji wenyewe ni kwamba kosa likionekana mchezo husimama na mkimbiaji hupewa kituo kimoja. Hayo hutokea iwapo mkimbiaji aliyezuiwa ndiye anayewindwa wakati huohuo, yaani walinzi wanajaribu kumtoa, kwa mfano anapofukuzwa huku na huku kati ya vituo viwili: mpira hufa, yaani mchezo husimama, naye hupewa angalau kituo kimoja mbele ya kile alichokigusa mwisho. Ikiwa hakuna anayemwinda, mchezo huendelea hadi ukome wenyewe, kisha mwamuzi hukadiria angefika wapi kama asingezuiwa, na huenda asimpe chochote. Mkimbiaji akikimbia kupita kituo hicho alichokadiriwa, anajihatarisha mwenyewe, kwani anaweza kutolewa.

Miguel Tejada wa Oakland alilionja hili katika mechi za mchujo za mwaka 2003 dhidi ya Boston. Baada ya kugongana na Bill Mueller karibu na kituo cha tatu, aliacha kukimbia akiamini kwamba nyumbani kulikuwa kwake tayari, akawa anawalalamikia waamuzi huku mdakaji Jason Varitek akiwa na mpira mkononi. Varitek alimgusa tu, na Tejada akatolewa.