Tafadhali, Msiishie Barua ya 14

Juzi nimesahihisha insha nyingine iliyomalizia kwamba Montesquieu, yule mwandishi Mfaransa, anatufundisha jamii husimama juu ya fadhila, yaani wema wa watu wake. Ushahidi? Watrogloditi, taifa la kubuni katika riwaya yake Barua za Kiajemi. Kila mwaka Watrogloditi! Riwaya hiyo ina barua 161 katika matoleo tunayosoma leo. Ukinukuu nne, hukuisoma riwaya, umeionja.

Hadithi yenyewe (barua ya 11 hadi ya 14) mnaijua. Watu wabinafsi wanaponywa maradhi na tabibu wa nchi jirani, wanamnyima ujira, maradhi yakirudi anawafukuza, nao wanaangamia. Zinasalia familia mbili njema, zinazaana, zinastawi. Basi hapo kalamu huwekwa chini. Mbona hamfiki mwisho? Wajukuu wa wale wema wanamwendea mzee mmoja wamtawaze awe mfalme, na mzee analia. Ameona fadhila imeanza kuwaelemea: wanataka sheria, kwa sababu sheria ni nyepesi kuliko wema usio na msimamizi.

Halafu hamuulizi anayesimulia ni nani. Ni Usbek, bwana wa Kiajemi aliye safarini Ulaya, aliyeacha wake zake Isfahan chini ya matowashi. Someni barua ya 26. Anamkumbusha mkewe Roxane jinsi alivyomkatalia miezi miwili mizima baada ya ndoa, hata akashika jambia kujikinga, na yote hayo Usbek anayaita haya ya mwanamke mwema. Mtu katolewa jambia, yeye kaona staha! Barua ya mwisho inamjibu. Roxane keshakunywa sumu, anaandika kwamba ile ambayo Usbek aliidhani staha ilikuwa chuki, na kwamba yeye mwenyewe alilinajisi neno fadhila alipokubali utiifu wake uitwe hivyo. Nikifundisha kwa Kiswahili sentensi hii huniponza, kwa kuwa kwetu "mke mwema" na "mke mtiifu" husemwa kwa pumzi moja, na darasa zima halioni kosa liko wapi.

Na tarehe je? Barua ya 146, ambamo Usbek analalamika kuwa waziri mwovu huharibu maadili ya taifa zima, ni ya Novemba 1720 kwa kalenda ya Montesquieu. Ya Roxane ni ya Mei mwaka huohuo, ila imewekwa mwisho. Anahubiri kuhusu taifa huku nyumba yake imeshateketea.

Je, Montesquieu alikusudia yote haya tangu kitabu kilipotoka 1721? Hapo sina uhakika. Ule "mnyororo wa siri" unaounganisha falsafa na riwaya aliutaja mwaka 1754, na mwandishi mzee huwa mkarimu kwa kitabu cha ujana wake. Tena Roxane ni Mwajemi aliyetungwa na Mfaransa ambaye hakukanyaga Uajemi. Siku nyingine namsikia yeye, siku nyingine namsikia Montesquieu, bwana wa Bordeaux, kajitanda ushungi.

Insha nimeipa 11 kati ya 20. Mwandiko ulikuwa mzuri.