Git sio GitHub, na wala haihitaji bando

Vijana wengi hapa Mtwara wanaoandika programu wananiambia kitu kile kile, eti ukitaka kushea msimbo (code) wa programu na wenzako lazima uwe na intaneti na akaunti ya GitHub, au ukodishe seva ya hela nyingi. Sio kweli jamani. Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, aliitengeneza Linus Torvalds, yule aliyeanzisha Linux, mwaka 2005, GitHub imekuja 2008, yani hiyo ni huduma tu ya kukutunzia kazi, Git yenyewe inajitegemea.

Chukua kompyuta kuukuu, hata ile uliyoiacha kabatini, weka Linux (mfumo endeshi wa bure), sakinisha git na openssh-server (inayoruhusu wenzako kuingia kwenye kompyuta hiyo kupitia mtandao), tengeneza yuza anaitwa git, ingia kama yuza huyo uandike git init --bare mradi.git (inatengeneza hifadhi ya mradi), basi, seva unayo. Mwenzako aliye kwenye waifai moja na wewe anaandika git clone git@192.168.1.10:mradi.git (hiyo namba weka ya kompyuta yako) anavuta kazi yote na bando haliguswi, maana data inaishia kwenye rauta. Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika intaneti ikawa shida nchi nzima, ila seva kama hii haijali hilo.

Mkitaka kurasa za kubofya badala ya kuandika amri, wekeni programu ya Gitea, nyepesi, hata Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo sana, inaibeba.

Ila nasisitiza sana, nakilini kwenye diski nyingine. Kila aliyefanya clone ana historia ya mradi mpaka siku aliyovuta mara ya mwisho, ya baada ya hapo diski ya seva ikifa inaweza kupotea.