Hati safi haisemi kwamba hakuna aliyeiba

Kila ifikapo Aprili, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG kama tulivyozoea kumwita, zinapowasilishwa kwenye Bunge la Tanzania, huwa najua ni maneno gani nitakayokutana nayo katika mafunzo ya madiwani na watumishi wa halmashauri kwa miezi kadhaa inayofuata. Watasema wamepata hati safi, na kwa hiyo hakuna hata senti iliyopotea. Mkurugenzi huyasema kwa fahari, diwani huyarudia kwenye mkutano wa hadhara, na mwananchi anayeitazama zahanati isiyoezekwa hubaki akijiuliza kama macho yake yanamdanganya. Hayamdanganyi.

Dhana: Hati safi maana yake hakuna wizi

Hati inayoridhisha, kwa jina lake rasmi, hujibu swali moja tu: je, taarifa za fedha zilizoandaliwa na taasisi zinaonesha kwa usahihi, katika mambo yote ya msingi, hali yake ya kifedha hadi tarehe 30 Juni, kwa kufuata viwango vya kimataifa vya uhasibu katika sekta ya umma? Mkaguzi akiridhika hutoa hati hiyo. Akikuta kasoro kubwa katika eneo fulani hutoa hati yenye shaka. Kasoro zikienea hesabu nzima hutoa hati isiyoridhisha. Na akikosa vielelezo kiasi cha kutoweza kuamua lolote, hueleza kwamba ameshindwa kutoa maoni. Katika aina zote nne hakuna mahali panapoulizwa kama mkurugenzi ni mwaminifu.

Maneno "mambo ya msingi" ndiyo yanayorukwa na wasomaji wengi. Mkaguzi hapitii kila hati ya malipo. Huchukua sampuli, na kabla ya kuanza kazi hupanga kiwango ambacho kosa lililo chini yake halibadilishi picha ya jumla ya hesabu. Tuchukue, kwa mfano tu, halmashauri inayotumia shilingi bilioni 40 kwa mwaka, na mkaguzi aliyepanga kiwango hicho kuwa asilimia 1. Hapo makosa yanayokaribia milioni 400 yanaweza kuwemo na hati ikabaki safi. Mwaka 2021, Serikali ilipoanza kujenga madarasa 15,000 kwa mkopo wa UVIKO-19 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, kila darasa lilitengewa shilingi milioni 20. Kiasi ambacho mhasibu anaweza kukiona kidogo kwa hesabu za halmashauri nzima ni madarasa 20 kwa mzazi ambaye mtoto wake anakaa chini.

Hata malipo yaliyoangukia kwenye sampuli hayasemi kila kitu. Fikiria hati ya malipo ya mifuko 400 ya saruji. Nyuma yake kuna ankara ya mzabuni, mkataba, hati ya kupokelea vifaa yenye saini za kamati ya mapokezi, na stakabadhi ya kielektroniki. Jumla zinalingana, kifungu cha bajeti ni sahihi, na kila aliyepaswa kusaini amesaini. Kwa upande wa taarifa za fedha, muamala huo hauna doa. Kama bei ilipandishwa kabla ya zabuni, kama mifuko 120 ilishushwa kwenye uwanja wa mtu binafsi, au kama kamati ya mapokezi ilisaini ikiwa imekaa ofisini bila kuliona lori, karatasi hazitakuambia. Ni kweli kwamba ripoti ya CAG huwa pia na hitimisho la pekee kuhusu uzingatiaji wa sheria ya ununuzi, na kwamba kuna ukaguzi wa ufanisi na ukaguzi maalum unaochimba zaidi, lakini hivyo sivyo vinavyotajwa kwenye pongezi za mkutano wa hadhara.

Jambo la kuudhi zaidi ni kwamba fedha iliyopotea inaweza kuandikwa vizuri kabisa. Angalia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutoa kwa vikundi, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ripoti za CAG zilirudia mwaka baada ya mwaka hoja za marejesho yaliyokwama na vikundi visivyojulikana vilipo, mpaka Serikali ikasitisha utoaji wake mwaka 2023 ili kupanga utaratibu mpya. Katika miaka hiyohiyo sehemu kubwa ya halmashauri zilipata hati inayoridhisha. Hapo hakuna mkanganyiko wowote: mkopo usiorejeshwa uliandikwa kwenye vitabu kama deni linalodaiwa, likatengwa fungu la madeni yenye mashaka, na maelezo yakatolewa kwenye viambatisho. Hesabu zilisema kweli, na kweli yenyewe ilikuwa kwamba hela haikurudi. Hali ni hiyohiyo kwa masurufu, yaani fedha anazopewa mtumishi kwa safari au kazi maalum, ambayo hajayarejesha, mradi yameorodheshwa. Mwenye duka anaweza kuandika kwenye daftari lake, kwa mwandiko mzuri, kwamba amemkopesha shemeji yake laki mbili. Usahihi wa daftari hauifanyi shughuli hiyo kuwa biashara.

Sisemi kwamba hati safi haina thamani. Taasisi yenye hati isiyoridhisha mara nyingi haijui inadaiwa kiasi gani wala mali zake ziko wapi, na huwezi kuiwajibisha taasisi ambayo hesabu zake hazisomeki. Hati safi ni sharti la kuanza kuuliza maswali, na kwa bahati mbaya imegeuzwa kuwa sababu ya kuacha kuuliza. Ushauri wangu kwa madiwani, ambao wanaonifahamu wameshachoka kuusikia, ni kwamba waache kuuliza wamepata hati gani, waombe barua ya ukaguzi yenye hoja moja moja pamoja na jedwali la utekelezaji wa mapendekezo ya miaka iliyopita. Hoja iliyofunguliwa miaka mitatu iliyopita na ambayo bado inaandikwa "utekelezaji unaendelea" ina habari nyingi kuliko ukurasa mzima wa maoni. Kisha wachukue hati moja ya kupokelea vifaa, waende nayo eneo la mradi, wahesabu.

Dhana: CAG awakamate, kwani anawajua

Hana mamlaka ya kumkamata mtu, na ni vema asiwe nayo. Sheria ya Ukaguzi wa Umma inamtaka, anapobaini viashiria vya udanganyifu au rushwa, aviarifu vyombo vya uchunguzi. TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, au polisi huchunguza, Mkurugenzi wa Mashtaka huamua kama kuna kesi, na mahakama huhukumu. Sambamba na hapo, Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali na ile ya Hesabu za Serikali za Mitaa huwahoji maafisa masuuli, yaani watendaji wakuu wanaowajibika kwa fedha za taasisi zao. Mnyororo huo ukifanya kazi, matokeo huonekana: mwaka 2014, katika sakata la Tegeta Escrow, la fedha zilizochotwa kwenye akaunti iliyokuwa Benki Kuu kwa sababu ya mgogoro wa malipo ya umeme, ukaguzi wa CAG ulifika kwenye Kamati ya Hesabu za Serikali iliyoongozwa na Zitto Kabwe, Bunge likapitisha maazimio, na kati ya Desemba 2014 na Januari 2015 Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Waziri wa Nishati na Madini wakajiuzulu, huku Waziri wa Ardhi akiondolewa. Mkaguzi hakumfunga mtu pingu. Anayelalamika kwamba ripoti hazina meno aelekeze lawama kwenye hatua zinazofuata.

Dhana: Kila kiasi kilichotajwa kwenye ripoti kimeliwa

Hoja ya ukaguzi ni swali linalosubiri kielelezo. Nyingine huishia kuwa wizi mtupu, nyingine ni malipo halali ambayo viambatisho vyake viliwekwa kwenye faili jingine. Mwaka 2018 nchi ilibishana juu ya shilingi trilioni 1.5, tofauti iliyoonekana kati ya mapato na matumizi ya mwaka 2016/17, na wengi wakahitimisha siku ileile kwamba zimeibiwa. Serikali ilijibu kwamba humo mlikuwa na mapato yaliyohesabiwa kabla ya kupokelewa, mapato yaliyokusanywa kwa niaba ya Zanzibar, na hatifungani zilizoiva, yaani dhamana za Serikali zilizofikia muda wa kulipwa. Kuuliza kulikuwa haki. Kutangaza jibu kabla ya usuluhishi wa hesabu ni uvivu.

Dhana: CAG ni mtu wa Rais, kwa kuwa ndiye anayemteua

Ibara ya 143 ya Katiba inasema kwamba katika kutekeleza madaraka yake CAG halazimiki kufuata amri ya mtu mwingine, na kwamba Rais asipochukua hatua za kuiwasilisha ripoti bungeni, CAG ataipeleka mwenyewe kwa Spika. Isomeni.

Dhana: Bunge likishapitisha bajeti, fedha ipo

Bajeti ni kibali cha kutumia. Fedha yenyewe hutoka Mfuko Mkuu wa Hazina kadiri mapato yanavyopatikana, na hapo ndipo neno "Mdhibiti" katika cheo cha CAG linapofanya kazi: ni lazima aridhike kwamba matumizi yameidhinishwa kisheria kabla fedha haijatoka. Kwa hiyo mradi uliopitishiwa bilioni 10 na kupokea bilioni 6 hauna bilioni 4 za kutafutwa kwenye mifuko ya watu. Swali la kuuliza ni nani aliyekadiria mapato kupita uwezo, na kwa nini mradi huu ulikatwa huku safari na semina zikipata fungu lake lote. Jibu limo kwenye taarifa ya utekelezaji ya robo mwaka inayoletwa mbele ya Kamati ya Fedha, taarifa ambayo wajumbe wengi huikuta mezani asubuhi ya kikao na kuipitisha kabla ya chai. Iombeni wiki moja kabla, na anzeni kuisoma kwenye safu ya fedha iliyopokelewa.