Korodani moja kuning'inia chini kuliko nyingine si ugonjwa: mwanaume aje hospitali lini?

Tangu kambi za upasuaji wa mabusha zianze kutangazwa huku ukanda wa Pwani, foleni ya kliniki yetu ya mfumo wa mkojo imebadilika. Zamani mwanaume alikuja busha limeshamfika magotini. Sasa wanakuja mapema, na hilo tunalishukuru kwa dhati. Lakini wengi ninaowapima siku hizi hawana busha wala ngiri. Wana maumbile yao ya kawaida, na hofu waliyouziwa mtaani.

Kijana mmoja wa bodaboda aliniwekea mezani chupa tatu za dawa ya "chango la wanaume". Alikuwa amegundua akioga kwamba korodani yake ya kushoto iko chini kuliko ya kulia. Basi. Nilimpima amesimama, kisha amelala, sikukuta kitu. Wanaume wengi wako hivyo, na mara nyingi ni ya kushoto inayoshuka zaidi. Mfuko wenyewe hujikunja kwenye baridi na kulegea kwenye joto, kwa sababu kazi yake ni kuzitunza korodani zisipate joto la mwili mzima. Kile kiuvimbe laini kama kamba nyuma ya kila korodani nacho si saratani; ni mirija ambamo mbegu hukomalia. Kila mwanaume anacho.

Vivyo hivyo vipele vidogo vilivyojipanga safu kuzunguka ukingo wa kichwa cha uume. Kama vimekuwepo tangu ujana, vinafanana vyote na haviumi, si kaswende wala si masundosundo. Haviambukizi. Waliovichoma kwa dawa za mtaani ndio tunaowatibu vidonda.

Kuhusu ukubwa, swali ambalo huulizwa mkono ukiwa tayari kwenye kitasa cha mlango: mwaka 2015 watafiti wa Uingereza walijumlisha vipimo vya wanaume zaidi ya 15,000, vilivyochukuliwa na wahudumu wa afya. Wastani ulikuwa takriban sentimita 9 uume ukiwa umelala, na sentimita 13 ukiwa umesimama. Hakuna mafuta wala mizizi inayobadilisha hilo. Tangazo la tiba asili linahitaji kibali cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, na dawa za kisasa ziko chini ya TMDA, mamlaka ya serikali inayosimamia dawa na vifaa tiba. Anayetangaza bila kibali anavunja sheria na anaweza kushtakiwa. Ukiuziwa, tunza chupa, lebo na risiti, kisha toa taarifa kwa mganga mkuu wa wilaya. Bila chupa, ufuatiliaji huwa mgumu.

Sasa busha lenyewe. Ndugu zangu, madafu hayaleti busha. Nimelisema hili miaka yote na bado naulizwa kila wiki. Huku kwetu sababu kubwa ni minyoo ya matende inayoenezwa na mbu, na ndiyo maana mnagawiwa vidonge vya kingatiba. Vidonge hivyo huua vijidudu vilivyomo kwenye damu na kukata maambukizi, lakini havikaushi busha lililokwisha kujaa. Hilo ni la upasuaji. Kulitoboa kwa sindano nyumbani ni kukaribisha usaha, na maji hurudi vilevile. Tukitaka kulitambua tunazima taa na kuweka kurunzi nyuma ya mfuko. Yakiwa ni maji matupu, mfuko unawaka wekundu kama kiganja kilichofunika tochi ya simu. Usipowaka tunatafuta jambo jingine, kwa kipimo cha ultrasaundi.

Njoo pia ukigusa kivimbe kigumu kwenye korodani yenyewe, hata kama hakiumi, na hasa kama wewe ni kijana. Saratani ya korodani huwapata zaidi wenye umri kati ya miaka 15 na 40, na ikiwahiwa inatibika vizuri sana. Uume ulioanza kupinda ukubwani, kidonda kisichopona, damu kwenye mkojo: njoo.

Kwa wazazi nina ombi moja, nalo nalisema kwa uchungu. Mtoto ambaye tundu lake la mkojo liko upande wa chini wa uume badala ya kwenye ncha asitahiriwe kabla hatujamwona. Ngozi ya govi ndiyo tunayoitumia kumrekebisha. Ngariba akishaitupa, kazi yetu inakuwa ngumu maradufu. Na korodani ambayo haijashuka mtoto akifikisha miezi 6, mlete. Kwa kawaida haitashuka yenyewe tena.

Utaratibu ni huu. Anzia zahanati au kituo cha afya, upimwe, upewe barua ya rufaa yenye muhuri, jina la aliyekupima na tarehe. Njoo nayo pamoja na kitambulisho na kadi ya bima. Anayekuja moja kwa moja bila rufaa anaweza kulazimika kujilipia. Fomu ya ridhaa husainiwa na mgonjwa mwenyewe. Kwa mtoto, mzazi au mlezi.

Mambo mawili hayasubiri barua. La kwanza ni uume uliosimama kwa zaidi ya saa 4 bila kulala, jambo tunaloliona kwa wenye selimundu. La pili ni maumivu makali ya ghafla ya korodani, mara nyingi kwa mvulana wa shule, pengine na kutapika. Korodani inaweza kuwa imejisokota na kujinyima damu, na tuna takriban saa 6 za kuiokoa. Wavulana huficha kwa aibu, wakisema ni tumbo. Mfunue, mtazame, mlete hata saa nane za usiku. Asile wala asinywe chochote njiani, maana huenda akaingia moja kwa moja chumba cha upasuaji.