Matangazo ya matrekta ya Vita vya Pili vya Dunia: dhana potofu na ukweli

Kurasa zilizokatwa kwenye majarida ya Kimarekani kama Country Gentleman, Successful Farming na Saturday Evening Post, za 1942 hadi 1945, zinauzwa kwa wingi mtandaoni. Wanaokarabati matrekta ya zamani huzitumia kama ushahidi. Ushahidi upo kweli, ila ni ushahidi wa uhaba, na anayezisoma kama orodha ya bidhaa dukani atakosea magurudumu, umeme wa injini, hata mwaka.

Dhana: Kampuni zilitangaza kwa sababu zilikuwa na mashine za kuuza

Ni kinyume chake. Mwaka 1942 Bodi ya Uzalishaji wa Vita ya Marekani ilitoa amri iliyojulikana kama L-170, iliyobana vikali utengenezaji wa zana za kilimo. Mkulima aliyetaka trekta mpya alipaswa kuomba kibali kwa kamati ya mgao ya kaunti yake, na wengi walikosa.

Kwa nini basi kulipia ukurasa mzima wa rangi? Kwanza, kampuni haikutaka jina lake lisahaulike kabla vita havijaisha. Pili, kodi. Kodi ya faida ya ziada, yaani faida iliyozidi ile ya kawaida, ilifikia asilimia 90 mwaka 1942, na gharama za matangazo, mradi ziwe za kiasi, ziliondolewa kwenye faida kabla ya kodi kukokotolewa. Kwa kampuni iliyokuwa kwenye kiwango hicho, kila dola iliyotumika kutangaza iliigharimu takriban senti 10. Ndiyo maana matangazo mengi hayauzi trekta: yanamhimiza mkulima atunze aliyonayo, aagize vipuri mapema, apeleke chuma chakavu na anunue hati za dhamana za vita.

Dhana: Magurudumu ya chuma ni dalili ya trekta ya miaka ya 1920

Hapa ndipo watu hukosea zaidi. Mapema mwaka 1942 Japani iliteka Malaya, Singapore na visiwa ambavyo leo ni Indonesia, na Marekani ikapoteza sehemu kubwa kabisa ya mpira wake wa asili. Matrekta yaliyokwisha kuzoea matairi, kama Farmall H na M za 1939 (modeli za kampuni ya International Harvester), yakaanza tena kutoka kiwandani na magurudumu ya chuma yenye meno. Farmall za namna hiyo zilifungiwa gia ya tano, ile ya barabarani, kwa kuwa mwendo ule juu ya chuma ungeitikisa na kuivunja mashine.

Tangazo halikuonyesha hayo kila mara. Mchoraji aliweza kuipa trekta matairi mapya yanayong'aa wakati mashine iliyofika shambani ilikuwa na chuma kitupu. Kama unakarabati, usiiamini picha, ikague mashine yenyewe. Baada ya vita wakulima wengi walikata ukingo wa chuma, wakaacha kitovu na spoku, kisha wakachomelea rimu ya tairi kwenye ncha za spoku. Ukiona mishono ya kuchomelea mwishoni mwa kila spoku, kuna uwezekano mkubwa kwamba trekta hiyo ilianza maisha bila mpira.

Ford-Ferguson nayo huwachanganya watu. Mwaka 1942 modeli ya 9N ilibadilishwa jina ikawa 2N, na kwa muda ikatoka na magurudumu ya chuma, magneto (kifaa kinachojizalishia umeme wa cheche) badala ya betri na dainamo, na hendeli ya kuwashia. Mpira na shaba vilipopatikana, vifaa hivyo vilirudishwa lakini jina la 2N likabaki hadi 1947. Namba za injini ziliendelea kuanza na 9N muda wote huo, kwa hiyo herufi hizo peke yake hazithibitishi kwamba trekta ni ya kabla ya 1942.

Dhana: Viwanda viliacha kabisa kazi ya kilimo

Vilifanya zote mbili. John Deere ilitengeneza sehemu za vifaru na za ndege, Massey-Harris ikaunda vifaru vyepesi huko Racine, Wisconsin, na bado zana za shamba zikatoka kwa kiasi kilichoruhusiwa. Massey-Harris iliishawishi serikali iipe chuma cha kombaini 500 za ziada za modeli Na. 21, zinazojiendesha bila kuvutwa na trekta. Mwaka 1944 mashine hizo, zilizoitwa kikosi cha mavuno, zilifuata ngano ikiiva kutoka kusini kuelekea mpaka wa Kanada, kila mnunuzi akiwa ameahidi kuvuna ekari 2,000 au zaidi. Jumla ilipita ekari milioni moja. Tangazo la kikosi hicho cha mavuno ni miongoni mwa machache yanayoonyesha mashine mpya iliyopatikana kweli.

Matrekta ya minyororo, yanayotembea kwa minyororo badala ya magurudumu, yenyewe yalikuwa zana za jeshi. Vita vilipoisha, baadhi ya yaliyobaki Ufilipino yalinunuliwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Kongwa, Tanganyika, ulioanza 1947, yakafika yakiwa yamechakaa vibaya.

Dhana: Bila jina la jarida huwezi kujua mwaka

Soma anwani. Kanda za posta za miji mikubwa, yaani namba ya eneo iliyoandikwa baada ya jina la mji, zilianza Mei 1943, kwa hiyo "Chicago 1, Illinois" ni ya baada ya hapo, na "Chicago, Illinois" bila namba huenda ni ya kabla. Ukiona kwenye tangazo bendera ya tuzo ya "E" ya Jeshi na Wanamaji, iliyopewa viwanda vilivyofanya vyema katika uzalishaji wa vita, jua kwamba haikuwepo kabla ya katikati ya 1942.

Dhana: Karatasi ya njano ni asilia, na ina thamani kubwa

Unjano hughushiwa kwa chai. Geuza ukurasa: wa asili kwa kawaida una habari au tangazo jingine nyuma. Umulike kwa taa ya kukagulia noti bandia. Karatasi ya wakati ule haina kemikali za kung'arisha, hivyo haiwaki bluu. Kwa kioo cha kukuza mara 10, tafuta vidoto vilivyojipanga kwa mistari. Vidoto vilivyotapakaa ovyo ni vya printa ya kisasa.

Kuhusu bei, Saturday Evening Post ilichapishwa mamilioni ya nakala kila wiki. Ukurasa mmoja ni wa dola chache. Usiulamineti wala kuutia selotepu: gundi hupenya na kuacha doa lisilotoka. Utie kwenye mfuko wa poliesta pamoja na kadibodi isiyo na asidi, mbali na jua.

Dhana: Ni la zamani, basi ni huru kutumia

Si lazima. Kazi iliyochapishwa Marekani mwaka 1943, hakimiliki yake ikihuishwa, inalindwa hadi mwisho wa 2038. Matangazo mengi hayakuwa na tamko lake la hakimiliki na yako huru, ila alama ya biashara ni jambo jingine: nembo ya John Deere bado ina mwenyewe, na kuichapa kwenye fulana za kuuza kunahitaji kibali chake.