Rimoti imekufa sio lazima gari isiwake

Wengi rimoti ikigoma kufungua milango wanajua ndo basi gari haiwaki tena, wanakimbilia kuchongesha funguo mpya na kuiprogramu, hela inaenda bure. Kwenye gari za kuzungusha funguo ile betri ni ya milango tu jamani, chipu ya kuwashia iliyo ndani ya funguo haina betri, inapata umeme kutoka kwenye koili (waya wa mizunguko) inayozunguka swichi unapochomeka funguo. Hata Toyota za kubonyeza batani, kanyaga breki gusisha rimoti kwenye batani alafu bonyeza, na mlango unafungua kwa kifunguo kilichofichwa ndani ya rimoti (watu wanakaa nacho miaka hawajui kipo!). Badilisha betri kwanza, nyingi ni CR2032 ya volti 3, hata kwa mafundi saa zipo. Bado kimya? Jaribu funguo ya akiba, nayo ikigoma shida inaweza kuwa kwenye gari.