Je, wajua? Jina Walker halitokani na kutembea, linatokana na kukanyaga kitambaa kwenye mkojo

Ile chupa ya pombe yenye picha ya jamaa kavaa kofia ndefu na koti jekundu, bakora mkononi, anapiga hatua kama mtu anayewahi boti, kila mtu anaijua hata asiyekunywa. Johnnie Walker. Na yeyote aliyepita Kiingereza cha shule ya msingi anajua walk ni kutembea, kwa hiyo Walker ni mtembeaji, basi babu yao lazima alikuwa mtu wa miguu, tarishi labda, au mchuuzi wa kuzunguka vijijini na mzigo kichwani. Mi nimeishi na hiyo imani miaka yote. Kumbe babu wa akina Walker alikuwa haendi popote, alikuwa anashinda sehemu moja tu, miguu mitupu mpaka magotini, anakanyaga kitambaa ndani ya hori lenye mkojo.

Nimeandika mkojo, hujasoma vibaya. Twende taratibu.

Kwanza hii habari ya majina ya ukoo. Zamani Waingereza walikuwa na jina moja moja tu, na baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuivamia nchi yao mwaka 1066 mambo yakawa magumu zaidi maana majina ya kina William, John na Robert yakawa fasheni, kijiji kizima unaita John wanageuka watu sita. Ikabidi waongeze kitu cha kumtofautisha mtu. Huyu John mtoto wa Robert, huyu John wa kilimani, huyu John mhunzi, ambaye ndiye Smith. Taylor ni mshonaji nguo (wa sindano ya mkono, cherehani bado sana), Baker ni mwoka mikate. Hapo hamna cha ajabu, hata mtaani kwako kuna Ali Fundi na Ali Duka na mkisema mnaelewana ni yupi. Tofauti ni kwamba kwetu mtoto wa Ali Fundi akiwa dereva hakuna atakayemwita fundi, na jina lake la pili litakuwa Ali, la baba, mwanae naye atabeba la kwake. Wao kwenye karne za 13 na 14 jina liliganda. Mtoto wa mhunzi akawa Smith hata kama hajawahi kushika nyundo, mjukuu pia, mpaka leo. Ndiyo maana majina ya Kiingereza yamejaa kazi ambazo hakuna anayezifanya tena.

Sasa kazi ya Walker. Uingereza ya enzi hizo utajiri wake ulikuwa kondoo, yaani sufu, na mpaka leo spika wa bunge lao la malodi anakalia kiti ambacho ni gunia kubwa limejazwa sufu, kumbukumbu ya pesa hizo. Sufu ikishasokotwa uzi na kufumwa, kitambaa kinachotoka hapo ni kibaya kweli. Kimelegea, kina matundu unaona mpaka upande wa pili, na kimejaa mafuta ya mwili wa kondoo, kinanata na kunuka. Ukikishona koti kikiwa hivyo upepo unapita kama uko uchi.

Dawa yake mimi niliijua kwa hasara kabla sijajua hii historia. Nilinunua sweta la mtumba, sufu tupu, zuri hilo, nikalichovya kwenye maji ya moto na sabuni ya unga nikalifikicha kwa nguvu zote kama jinzi. Lilipokauka lilikuwa limekaza kama kipande cha zulia na saizi yake ni ya mtoto wa chekechea. Kilichotokea ni kwamba unyoya wa kondoo ukiutazama kwa hadubini una magamba madogo madogo kama ya samaki, na ukiupa joto, maji, sabuni na msukosuko yale magamba yanang'ang'aniana na hayaachii tena. Nyuzi zinajivuta, kitambaa kinapungua upana na urefu ila kinakuwa kinene, kizito, hakipitishi upepo. Mi niliua sweta, ila wenzetu walikuwa wanafanya hivyo makusudi, na aliyefanya ndiye aliyeitwa walker.

Anatandaza kitambaa ndani ya hori, anamwagia maji na mkojo wa binadamu uliolala siku nyingi mpaka umechacha, kisha anaingia kukanyaga. Mkojo ukikaa unatengeneza amonia, ile harufu inayokuchoma pua ukiingia choo cha stendi, na amonia inakata mafuta vizuri sana, wakati huo sabuni ilikuwa kitu cha bei. Kuna na udongo fulani laini ulikuwa unawekwa kufyonza grisi iliyobaki. Basi anakanyaga, anageuza, anakunja, anakanyaga tena, saa kwa saa. Kikishakaza kinasuuzwa na kuwambwa nje kwenye fremu ndefu za mbao zenye ndoano pembeni ili kikauke kimenyooka.

Kazi yenyewe si ya Waingereza peke yao. Warumi walikuwa nayo, pale Pompeii, mji wao wa kale, bado yapo mabeseni ambayo wafanyakazi walikuwa wanasimama ndani kukanyaga nguo, na mfalme Vespasian, aliyetawala mwaka 69 hadi 79, aliuwekea kodi mkojo uliokuwa unazolewa vyoo vya umma. Mwanae Titus akalalamika hiyo pesa inanuka, mzee akamshikisha sarafu puani akamuuliza, hii inanuka? Waziri wa fedha yeyote asisome hapa tafadhali.

Na lile neno walk lenyewe halikuanza na maana ya kutembea. Kiingereza cha kale walikuwa na wealcan, maana yake kuzungusha, kugeuzageuza, kusukasuka kama mawimbi yanavyofanya, na wealcere alikuwa mkanyaga vitambaa. Maana ya kwenda kwa miguu ilikuja kushika baadaye, kwenye karne ya 13 hivi ndipo ikaanza kutawala. Kwa hiyo ni jina la kazi lililobaki na maana ya zamani wakati neno lake limeshahamia kwingine. Kule visiwa vya Hebrides, kaskazini magharibi mwa Scotland, maana hiyo ya zamani iliendelea kuishi mpaka karne ya 20, wanawake wanakaa kuzunguka meza ndefu, kitambaa kibichi katikati, wanakipigapiga mezani kwa mikono kwa mpigo mmoja huku mmoja anaanzisha wimbo na wengine wanaitikia, kama kina mama wanavyotwanga kwenye kinu. Na mkojo ulikuwepo, usijali.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba kazi hii hii moja ilizaa majina matatu kutegemea umezaliwa upande gani. Kaskazini na Scotland waliita walker. Kusini na mashariki waliita fuller, hilo asili yake ni Kilatini. Kusini magharibi, Devon na kule, waliita tucker, kutoka neno la kale lenye maana ya kutesa, na ukiwaza kile kitambaa kinavyofanyiwa huwezi kubisha. Kwa maana hiyo marehemu Paul Walker wa movi za magari na Chris Tucker mchekeshaji, majina yao ni ndugu wa hori moja, wametofautiana mkoa tu. Wajerumani nao wana akina Walker wao, kazi ile ile.

Halafu cha kuchekesha, miguu yenyewe ilianza kustaafishwa mapema. Kuanzia karne ya 12 Uingereza ilianza kuwa na vinu vya maji, gurudumu linazungushwa na mto, linanyanyua nyundo kubwa za mbao na kuziangusha juu ya kitambaa, pu, pu, pu, usiku kucha. Mwenye kinu hakanyagi tena chochote ila watu waliendelea kumwita walker, na wakati majina yanaganda wengi wa hao walioitwa hivyo huenda walikuwa wamesimama pembeni ya mashine wamekunja mikono. Vijiji vingi vilikuwa na kinu kama hicho, ndiyo sababu leo Walker liko kwenye majina ishirini yanayoongoza kwa wingi Uingereza.

Tukija kwa watu wenyewe. Kyle Walker, beki wa kulia aliyebeba ligi mara sita na Manchester City, kazaliwa Sheffield, Yorkshire, yaani ndani kabisa ya lile eneo la kaskazini la majina haya, huyu hajaja na jina kutoka mbali. Na kwa mbio zake kumwita mtembeaji ni matusi. Wengine mtamkumbuka Novemba 2019 kule Milan dhidi ya Atalanta, kipa Ederson kaumia, kipa wa akiba Bravo kala kadi nyekundu, jamaa akavaa glavu akakaa golini dakika zilizobaki, freekiki ikapigwa akaidaka kwa kubabaika na mechi ikaisha 1-1.

Yule wa kwenye chupa alikuwa mtu kweli, John Walker, kijana wa shamba huko Scotland, baba yake alifariki mwaka 1819, shamba likauzwa na mwaka 1820 wakamfungulia duka la vyakula mjini Kilmarnock akiwa bado na miaka ya utoto. Kilmarnock nao ulikuwa mji wa sufu, kofia zake na mazulia vilikuwa na jina. Ile picha ya mtembeaji yeye hakuwahi kuiona, ilichorwa mwaka 1908 na mchoraji Tom Browne, mzee ana nusu karne kaburini. Kwa hiyo ukinilaumu kwa kuelewa jina vibaya, mlaumu na huyo Browne, maana ndiye aliyeufundisha ulimwengu mzima kwamba Walker ni mtu anayetembea.

Lakini Walker anayetuhusu sisi ni mwingine, na Watanzania waliokula chumvi wanamjua vizuri. John Walker wa New Zealand, mkimbiaji, nywele ndefu, jezi nyeusi. Februari 1974, michezo ya Jumuiya ya Madola, Christchurch, nyumbani kwao, fainali ya mita 1500. Filbert Bayi wa Karatu akatoka mbio toka mlio wa bastola kama mtu anayefukuzwa, kila mtu akasema huyu atakata pumzi, watamshika mbele. Walker akaja kwa kasi mwishoni, akaja, akaja, hakumfikia. Bayi 3:32.16, rekodi ya dunia. Walker 3:32.52, na yeye kavunja rekodi ya zamani kabisa ila ni wa pili, na nyuma yao Mkenya Ben Jipcho wa tatu. Mei 1975 Bayi akachukua na rekodi ya maili kule Kingston, Jamaica, 3:51.0. Ikadumu miezi mitatu hivi, Agosti Walker akakimbia 3:49.4 mjini Göteborg, Sweden, mtu wa kwanza duniani kwenda maili chini ya dakika 3 na sekunde 50.

Dunia nzima ikawa inasubiri wakutane Montreal kwenye Olimpiki ya 1976. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda Afrika Kusini ya makaburu, nchi za Afrika zikataka New Zealand iondolewe kwenye michezo, ombi likakataliwa, Tanzania ikasusia na wengine wengi. Walker akachukua dhahabu ya mita 1500 kwa 3:39.17, muda wa kujivuta ukilinganisha na ule wa Christchurch. Mi nikiangalia zile namba mbili pamoja huwa nabaki nazitazama tu.

Ng'ambo ya Marekani jina lilifika kwa njia nyingi na nyingine si nzuri, maana watu weusi wengi walibaki na majina ya waliokuwa wanawamiliki. Madam C. J. Walker yeye alilipata kwa ndoa. Alizaliwa Sarah Breedlove mwaka 1867 Louisiana, wazazi wake walikuwa watumwa, yeye akazaliwa baada ya uhuru, na kabla ya kutajirika kwa mafuta na dawa za nywele alikuwa dobi, miaka mingi pale St. Louis, mikono ndani ya beseni la nguo za watu. Mwaka 1906 akaolewa na Charles Joseph Walker. Dobi kuolewa na ukoo wa wakanyaga nguo, ungetunga hadithi wangekwambia umezidisha. Alice Walker, mwandishi mweusi wa kwanza wa kike kushinda tuzo ya Pulitzer ya riwaya, mwaka 1983, naye ni wa jina hilo hilo.

Na ile W ya George W. Bush? Ni Walker. Bibi yake mzaa baba alikuwa Dorothy Walker, ndio baba yake akapewa jina la babu yake, George Herbert Walker, na W ikamshukia mjukuu. Februari 2008 alikuja Tanzania akiwa rais, Dar kuna kina mama walimpokea wamevaa nguo zilizochapwa sura yake, kisha akapanda Arusha, na sehemu mojawapo aliyopelekwa ilikuwa kiwanda cha nguo cha A to Z, akatembezwa katikati ya mashine akioneshwa vyandarua vya mbu vinavyotengenezwa. Vile vyandarua ni plastiki, maji ya moto hayavikazi, na matundu yake yanatakiwa yabaki wazi, kwa hiyo hapakuwa na chochote cha mtu wa ukoo wake kukanyaga.